Laravel kwenye upande wa databesi: nyota nne, na hii ndo sababu ya ile moja iliyobaki

Wenzangu mnaotengeneza mifumo ya shule, SACCO na maduka hapa Uganda, leo naongelea Laravel, freimuweki (seti ya zana tayari) ya kutengenezea mifumo kwa lugha ya PHP, lakini si Laravel yote, naongelea ile sehemu inayotutoa jasho wote yaani kuiunganisha na databesi na ule ukurasa wa makosa unaotokea muunganisho ukikataa. Watu wengi wakiisifu wanasifu vile inavyokurahisishia kuandika kodi, sawa, ni kweli, ila mimi naona freimuweki inapimwa siku unahamisha mfumo kutoka kwa laptopu kwenda kwa hosti ya mteja, mhasibu wa shule amekaa anasubiri kuingiza karo za watoto, na skrini inakuletea SQLSTATE, yaani kosa la databesi. Siku hiyo ndo unajua kama uko na chombo cha kazi.

Mimi naipa nyota nne kati ya tano.

Kwanza nizungumzie kinachonifanya niiamini. Laravel haikufichi kosa la databesi. Inakuletea ujumbe kama ulivyotoka kwa PHP au kwa MySQL (seva ya databesi) yenyewe, na namba yake, na hiyo namba ukiijua umemaliza nusu ya kazi kabla hujagusa kitu. Fikiria mgeni anaenda kumwona mtu ofisini. Ukiona "could not find driver" huyo mgeni hata hajapata boda ya kumtoa nyumbani, PHP yako haina pdo_mysql (kiungo chake cha kuongea na MySQL) basi, usihangaike na paswadi. Ukiona 2002 ametoka ila hajafika getini. Ukiona 1045 amefika getini, askari amemwangalia akamkatalia. Ukiona 1044 ameingia ndani lakini chumba anachotaka haruhusiwi, na 1049 chumba chenyewe hakipo. Sasa mtu anaona 2002 anaanza kubadilisha paswadi jioni nzima, paswadi inahusika vipi wakati seva hata haijafikiwa?

Na hata ndani ya hiyo 2002 kuna tofauti, soma maneno ya mbele. Ikisema "No such file or directory" maanake umeandika localhost kwenye DB_HOST (mstari wa anwani ya seva kwenye .env, faili la mipangilio ya mfumo), na kwa Linux localhost inapitia faili la soketi, si mtandao, na PHP haijalipata hilo faili. Weka 127.0.0.1 uone, mara nyingi inaisha hapo hapo. Ikisema "Connection refused" basi kwenye ule mlango hakuna anayesikiliza, labda MySQL imezima (umeme ukikatika na huna UPS hii ni kawaida) au poti si 3306. Ikisema getaddrinfo failed, jina la hosti lenyewe halijulikani, na hii inawapata sana wanaotumia Docker, inayoendesha kila programu ndani ya kiboksi chake (kontena), kwa sababu ndani ya kontena jina "mysql" linaeleweka lakini ukitoka nje ya kontena halina maana, na kinyume chake 127.0.0.1 ndani ya kontena ni kontena yenyewe, siyo laptopu yako.

Lakini mstari ninaoupenda kuliko yote ni ule wa 1045 kwa sababu mwisho wake kuna maneno madogo watu wanayapita, "using password: YES" au "using password: NO". Jamani hayo maneno ni dhahabu. NO inamaanisha Laravel haikutuma paswadi kabisa, kwa hiyo usiende kumlaumu MySQL, nenda kwa faili lako la .env, ama halisomwi ama DB_PASSWORD haina kitu. YES inamaanisha imetuma kitu ila hicho kitu siyo chenyewe, na hapa angalia kama paswadi ina alama ya #, maana .env inahesabu kila kinachofuata # kuwa maelezo tu na inakikata, unatuma nusu ya paswadi bila kujua. Izungushie alama za nukuu moja ('...') na imeisha. Hosti nyingi zinakutengenezea paswadi zilizojaa alama kama hizo halafu mtu anashinda anaikopi upya na upya, anaona ni ile ile, na kweli ni ile ile.

Tena huo ujumbe unataja yuza na sehemu anakotokea, mfano 'shule'@'localhost'. MySQL inamwona 'shule'@'localhost' na 'shule'@'%' kama watu wawili tofauti, kila mmoja na paswadi yake na ruhusa zake, kwa hiyo kama databesi iko seva nyingine soma hapo umetokea wapi.

Kwenye hosti za cPanel (paneli ya kuendesha hosti kwa kivinjari) ambazo ndizo wateja wetu wengi wanaweza kulipia, kuna jambo la peke yake. Jina la databesi na la yuza yote yanaanza na jina la akaunti, ukiandika "shule" wakati ni "mteja_shule" haikubali. Na usitegemee kuona 1049 hapo, yuza wa hosti hana ruhusa pana kwa hiyo MySQL inamwambia 1044 tu, hata kama databesi haipo, haimwambii iko au haiko. Halafu kutengeneza yuza na kutengeneza databesi hakutoshi, lazima umuunganishe huyo yuza na hiyo databesi na umpe ruhusa, ni hatua ya tatu na iko kuelekea chini ya ukurasa.

Sasa ile nyota niliyoinyima. Keshi ya konfigi. Ukiendesha php artisan config:cache (artisan ni chombo cha amri cha Laravel), Laravel inachukua mipangilio yote inaiweka kwenye faili moja, bootstrap/cache/config.php, na kuanzia hapo HAISOMI TENA .env. Ni nzuri kwa mwendo, sikatai, ila ujumbe wa kosa haukuambii popote kwamba mipangilio imetoka kwenye keshi. Unabadilisha paswadi kwenye .env, unasevu, unarefreshi, kosa ni lile lile, unabadilisha tena. Mbaya zaidi mtu anaitengeneza keshi kwenye Windows halafu anazipu folda nzima anaipandisha kwa hosti, hosti inasoma mipangilio ya laptopu, yuza root bila paswadi kama ilivyo kwenye XAMPP (kifurushi cha PHP na databesi cha laptopu), na njia za mafaili zinaanza na C:\ kwenye seva ya Linux. Ukiona C:\ kwenye kosa la seva ya Linux usitafute zaidi. Mstari mmoja tu kwenye ukurasa wa makosa, "mipangilio hii imetoka kwenye keshi", ungeokoa watu wengi sana, na mimi nitaendelea kuinyima hiyo nyota mpaka uwepo.

Dawa ni php artisan config:clear, na kama hosti haina terminali ingia File Manager ufute lile faili bootstrap/cache/config.php kwa mkono, ni kitu kile kile hakuna madhara. Usikimbilie cache:clear. Tangu Laravel 11 iliyotoka Machi 2024, mradi mpya unaweka keshi ya programu, sesheni (kumbukumbu ya nani ameingia) na foleni (kazi zinazosubiri kufanywa nyuma) zote ndani ya databesi, kwa hiyo cache:clear yenyewe inataka databesi ambayo ndiyo imekukatalia, unapata kosa juu ya kosa. Config:clear inafuta faili tu. Na kama una queue:work (inayofanya kazi za foleni) inayokimbia nyuma, isimamishe uiwashe upya, maana ile inashikilia mipangilio ya zamani kichwani hata ukifuta keshi yote.

Hilo la sesheni lina upande mwingine pia. Ukurasa wa kwanza wa mteja unaweza kuwa hauna hata swali moja la databesi, picha ya shule na salamu za mkuu wa shule tu, lakini unaanguka, kwa sababu sesheni inatafuta jedwali la sessions. Ama endesha migrate itengeneze jedwali ama weka SESSION_DRIVER=file. Kwa tovuti ndogo mimi naiweka file bila kusita.

Na Laravel 11 hiyo hiyo imebadilisha databesi ya kuanzia ikawa SQLite, databesi ya faili moja isiyotaka seva. Kwa wanafunzi ni baraka, kijana pale Wandegeya, Kampala, mwenye laptopu ya kawaida na bando kidogo anaanza bila kupakua MySQL. Ila ukiwa umepanga MySQL na ukaona kosa linalalamikia faili la database.sqlite, au kwenye mabano ya swali imeandikwa Connection: sqlite, basi umejua bila kuuliza mtu: ama DB_CONNECTION kwenye .env bado ni sqlite, ama .env haisomwi na Laravel imerudi kwenye chaguo lake la mwanzo. Isiposomwa, mara nyingi faili la .env halikupandishwa kabisa, kwa sababu jina linaanza na nukta na File Manager inayaficha mafaili ya aina hiyo mpaka uwashe uyaone.

Zipo amri mbili nazisifu kwa moyo wote, php artisan config:show database na php artisan db:show. Ya kwanza inakuonyesha mipangilio ambayo Laravel inaamini iko nayo, siyo ile unayodhani umeiandika, na ya pili inajaribu kuunganisha na kukuletea majedwali. Zikitofautiana na .env yako umeshalipata tatizo. Ile ya kwanza usiipige picha ukairusha kwenye WhatsApp ya kikundi lakini, paswadi inaonekana pale.

Na kwa habari ya paswadi kuonekana, banange tafadhali, mradi mzima usiuweke ndani ya public_html. Folda ya public ndiyo inatakiwa ionekane na dunia, .env ikiwa mahali ambapo kivinjari kinafika mtu anaifungua kama anavyofungua picha, anaondoka na databesi ya SACCO, akiba za akina mama wa sokoni. Na APP_DEBUG iwe false kwenye seva ya mteja, hata kama unataka kuona kosa, soma storage/logs/laravel.log, yote yamo.

Hosti moja niliyofanya nayo kazi, siitaji jina, waliniandikia kwamba tatizo liko kwenye kodi yangu wakati ujumbe ulisema wazi "could not find driver". Niliingia kwenye paneli yao nikakuta toleo la PHP limebadilishwa na tiki ya pdo_mysql haipo, nikaiweka, mfumo ukaamka. Laravel ilisema ukweli tangu dakika ya kwanza.

Kwa hiyo kama mteja wako anataka hosti ya bei nafuu, kabla hajatuma mobile money waulize wenye hosti: PHP inafikia toleo ambalo Laravel yako inataka (Laravel 11 inataka 8.2 kwenda juu)? pdo_mysql inawashwa? Ninaweza kuielekeza domeni kwenye folda ya public? Na databesi ni MySQL 8 au ni MariaDB (ndugu yake MySQL), maana ukitoa dampu (nakala ya databesi nzima) kwenye MySQL 8 yenye utf8mb4_0900_ai_ci (kanuni ya kupanga na kulinganisha herufi) ukaiingiza kwenye MariaDB ya zamani utapata "Unknown collation", na itabidi ubadilishe hilo neno kote kuwa utf8mb4_unicode_ci kabla haijakubali. Wakishindwa kujibu hayo, tafuta hosti nyingine.