Ardhi yenye sumu Marekani: bima ya zamani au ruzuku ya EPA (shirika la serikali kuu la mazingira)?

Kiwanja kilichokuwa cha dobi wa kemikali kinapogundulika kina sumu, swali ni lile lile: nani alipe?

Bima za dhima (zinazolipia madhara ambayo biashara imewasababishia wengine) zilizokatwa kabla ya 1986 husahaulika, nami huumia kuona watu wakizitupa. Nyingi huangalia madhara yalitokea lini, si dai lilifunguliwa lini, hivyo bima iliyokwisha zamani bado yaweza kulipia usafishaji, hata mawakili. Kazi ngumu ni ushahidi kwamba bima ilikuwepo: pekua hundi, barua za wakala, vitabu vya mhasibu. Nyingi za kuanzia 1973 hufidia tu uchafuzi wa “ghafla na wa bahati mbaya”, maneno ambayo mahakama za majimbo huyatafsiri tofauti. Kesi yaweza kuchukua miaka.

Ruzuku ya EPA haidai makaratasi hayo, lakini inashindaniwa, na hupewa serikali za mitaa na mashirika yasiyo ya faida, si aliyechafua.

Umerithi biashara ya familia? Anza na makabati, na uiarifu kampuni ya bima mapema. Halmashauri iliyotwaa kiwanja kwa kodi isiyolipwa ina sababu zaidi ya kuomba ruzuku.