Posho ya hatari ya Marekani: ni nzuri, lakini soma masharti

Mfanyakazi wa serikali ya Marekani anayepelekwa kwenye kituo chenye vita, ugaidi au uasi hulipwa posho ya hatari: asilimia 15, 25 au 35 ya mshahara wa msingi. Wizara ya Mambo ya Nje ndiyo inayopanga viwango.

Tuchukue mshahara wa dola 80,000 kwa mwaka. Asilimia 25 ni 20,000, sawa na dola 769 hivi kila baada ya wiki mbili. Ni fedha ya maana. Lakini hukatwa kodi ya mapato kama mshahara wenyewe, na haiingii kwenye hesabu ya pensheni. Anayekopa nyumba kwa kuitegemea anajidanganya: kituo kikitulia, kiwango hushushwa au kufutwa.

Kosa linalowagharimu wengi ni kuichanganya na posho ya mazingira magumu. Ile ni kwa ajili ya joto, maradhi, upweke na hospitali duni. Aliyetumwa kwa muda huisubiri siku 42 mfululizo, ila ya hatari huanza mapema, mradi awepo kituoni angalau saa nne kwa siku. Ukitoka kwenda mapumzikoni, inasimama. Kwa hiyo tiketi, tarehe na saa za kuingia na kutoka zitunzwe. Karani wa mishahara hakisii.

Fomu ya kuombea posho hizi ni SF-1190. Kama mfumo, tunausifu kwa uwazi wa viwango. Kwa wepesi wa kueleweka, hapana.