Nimecheka hadi kilemba kikafunguka

Jumamosi mdogo wangu alinivuta kutazama igizo la kuchekesha lisilo na maneno, kwenye ukumbi mdogo huku Area C, Dodoma. Kiingilio shilingi 5,000. Saa nzima hakuna aliyefungua mdomo, viungo vya mwili tu! Baba mkwe anaingia, mke wa mwanawe anakimbia kujificha, heshima hiyo. Kakimbia na sufuria ya ugali pia. Mwisho mzee mzima kajifunga kanga, anabembeleza mchi mgongoni kama mtoto, mkwewe kakalia kigoda cha mzee, miguu juu. Mama mmoja nyuma yangu akaguna, "Laana hii!", huku anafuta machozi ya kicheko. Kipande cha foleni ya ofisini kilivutwa mno, nikasinzia. Zabibu za mlangoni tamu. Wiki ijayo narudi na mume wangu, akauone huo mchi.