Mashine ya kahawa yenye taima: ipi ununue ukiwa Moshi au Arusha

Bodi ya Kahawa ina makao yake Moshi, kiwanda cha kukoboa kipo hapo hapo mjini, na kuanzia Machame hadi Marangu mibuni imesimama nyuma ya nyumba za watu. Anayeishi chini ya mlima huu anastahili kuamka na kahawa hiyo ikiwa imeshachujwa, ya moto, bila kusimama jikoni saa kumi na moja alfajiri. Kazi hiyo inafanywa na mashine ya kuchuja yenye taima: usiku unaweka maji na unga, unapanga muda, unaenda kulala.

Shida ni kwamba nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya nyumba ambazo umeme haukatiki. Kwetu umeme ukiondoka saa nane usiku, hata kwa dakika kumi, saa ya mashine inafutika, inabaki ikiwakawaka 12:00, na asubuhi unakuta maji baridi na unga mkavu. Ndiyo maana nimezipanga hizi kwa kuangalia kwanza umeme ukikatika zinafanya nini, pili joto la maji, tatu jagi. Urembo wa nje sijauhesabu.

Namba moja: taima yenye kumbukumbu, jagi la chuma, volti 220–240

Jagi la chuma lenye kuta mbili hutunza joto kama chupa ya chai. Kahawa ikishashuka humo, umeme ukatike usikatike, utaikuta ya moto saa nzima baadaye na zaidi. Ladha nayo haiharibiki, kwa sababu hakuna moto unaoendelea kuipika.

Kumbukumbu usiichukue kwa maneno ya muuzaji wala ya boksi. Mwambie aichomeke, weka saa, weka muda wa kuwaka, kisha chomoa plagi. Nenda kafanye shughuli zako nyingine mjini, urudi baada ya nusu saa, uichomeke tena. Kama muda uliouweka bado upo, hiyo ndiyo mashine. Ikiwakawaka 12:00, mrudishie. Zipo zinazoshika kwa dakika chache tu; hizo zinasaidia umeme unapokatika na kurudi papo hapo, basi. Na ujue kwamba kama umeme haupo muda wenyewe wa kuwaka ukifika, hakuna kumbukumbu itakayokupikia kahawa.

Hapo hapo dukani tazama kibandiko kilicho chini ya mashine usome wati. Kahawa hutoka vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 90 na 96. Mashine ya wati 1,000 huhitaji kama dakika tano kupasha lita moja, ya wati 600 inapita dakika nane, na muda wote huo maji yanadondokea unga kidogo kidogo hadi kahawa inakuwa chungu. Mimi nisingeshuka chini ya wati 900. Kwa matumizi ya LUKU, wati 1,000 kwa dakika kumi ni chini ya robo ya uniti, kwa hiyo wati nyingi zisikutishe.

Namba mbili: swichi ya kawaida, pamoja na soketi ya taima

Kwa familia nyingi hii ndiyo ningependekeza kama bajeti haifiki namba moja. Unanunua mashine rahisi isiyo na saa yoyote, halafu unanunua soketi ya taima ya kuzungusha kwa mkono, ile yenye duara la saa 24 na vijino pembeni. Soketi inachomekwa ukutani, mashine inachomekwa kwenye soketi.

Uzuri wake ni kwamba duara hilo halisahau. Umeme ukikatika linasimama, ukirudi linaendelea pale lilipoishia. Umeme ukipotea dakika arobaini, kahawa inachelewa dakika arobaini, lakini inapatikana. Asubuhi unalirudisha duara kwenye saa sahihi.

Sharti ni moja: swichi ya mashine iwe ile inayobonyea na kubaki imebonyea hata plagi ikiwa nje. Ijaribu kwa kidole kabla ya kulipa. Vitufe vya kugusa, na swichi zinazojirudisha zenyewe, havifai hapa. Soketi nayo iandikwe ampia 13.

Namba tatu: taima na jagi la kioo

Hizi ndizo rahisi kuzipata. Zinafaa nyumba ambayo wote wanakunywa kwa wakati mmoja na kutawanyika kwenda kazini. Kahawa ikikaa juu ya sahani ya moto zaidi ya nusu saa inaanza kunuka kuungua, na hakuna sukari itakayoiokoa. Ukichagua hii, imimine yote kwenye chupa ya chai mara tu mashine inapomaliza. Kioo nacho huvunjika, kwa hiyo muulize muuzaji kama anauza jagi peke yake. Kama hauzi, siku likivunjika umebaki na boksi.

Namba nne: inayosaga na kuchuja yenyewe

Kusaga papo hapo ni jambo jema, lakini siyo ndani ya mashine hii. Mvuke unapanda hadi kwenye kinu, unga unalowa na kuganda, na kusafisha kunataka brashi na subira kila siku. Kelele za kinu alfajiri zinaamsha nyumba nzima. Kikiharibika, fundi hana spea. Nunua kinu cha mkono pembeni, kitakutumikia hata giza likiwa limeingia.

Ya mwisho: ya volti 110 kutoka Marekani

Zinaletwa na ndugu kama zawadi, au zinauzwa na wageni wanaohama. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230, inaungua. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo mkubwa kuliko wati za mashine, nayo ni nzito na inakula nafasi. Hata hapo, transfoma haibadilishi hezi. Umeme wa Marekani ni hezi 60, wetu ni 50, hivyo saa inayohesabu kwa hezi inachelewa dakika kumi kila saa moja. Ukipanga taima jioni, kufikia alfajiri mashine imekosea zaidi ya saa nzima. Afadhali iliyonunuliwa Nairobi: volti zinakubaliana na zetu na plagi ni ile ile ya miguu mitatu. Ya kutoka Ulaya pia ni sawa kwa volti; mpe fundi akufungie plagi yenye waya wa ethi.

Ukishaifikisha nyumbani

“Vikombe 10” vilivyoandikwa kwenye boksi ni vikombe vidogo vya mililita 125 hivi. Mashine ya vikombe kumi inatoa lita moja na robo, yaani magi nne tunazotumia sisi.

Weka gramu 55 hadi 60 za kahawa kwa lita moja ya maji, vijiko kumi vya mezani vilivyosawazishwa, hivyo pakiti ya gramu 250 inakupa lita nne. Unga uwe na punje kama sukari ya dukani. Ule laini sana wa kahawa ya vijiweni unaziba chujio, maji yanafurika, na asubuhi unakuta matope ya kahawa mezani. Chujio la waya la kudumu ni bora liwepo kwenye boksi, kwa sababu karatasi za kuchujia haziko kila duka.

Wakati wa kupanga muda, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi kwenye mashine ni 5:45 AM. Hakikisha haijakaa PM. Mashine zinazoonyesha saa 24 zinakuondolea tatizo hilo.

Maji yenye chumvichumvi huacha ukoko mweupe ndani ya mabomba, na dalili ya kwanza ni mashine kuchukua muda mrefu kuliko zamani. Kila baada ya mwezi au miwili changanya kikombe kimoja cha siki na viwili vya maji, washa hadi nusu ipite, zima kwa nusu saa, washa tena imalizike. Kisha pitisha maji matupu mara mbili kabla ya kuweka kahawa.