Uzoefu wangu wa kubana picha za ramani kwa OpenJPEG

Kazi yangu ni kuskani ramani za zamani na hati zinazoambatana nazo, na tatizo langu la kudumu ni nafasi. Karatasi moja ya A3 ikipitishwa kwenye skana kwa nukta 600 kwa inchi, kwa rangi kamili, hutoa faili la TIFF lenye takriban megabaiti 200, na kwa mwendo huo diski haichelewi kujaa. Ndipo nikahamia OpenJPEG, programu huria iliyoanzia katika Chuo Kikuu cha Louvain nchini Ubelgiji, ambayo hubana picha kwa kufuata kiwango cha JPEG 2000.

Programu hii haina dirisha wala vitufe. Unafungua terminali, yaani skrini ya kuandikia amri, na kuandika opj_compress -i ramani.tif -o ramani.jp2, basi. Usipoongeza lolote, picha hubanwa bila kupoteza chochote, na siku ukiifungua utapata pikseli zilezile ulizoanza nazo. Ukiongeza -r 20, faili hupunguzwa hadi karibu sehemu moja ya ishirini ya picha ghafi, yaani ramani ya megabaiti 200 hubaki na kama 10. Wapo wanaopanga kwa ubora, kwa kutumia -q inayopimwa kwa desibeli. Mimi hupendelea -r kwa kuwa hunijulisha mapema diski itabeba kiasi gani.

Kilichonivutia zaidi ni namna picha inavyoharibika pale ubanaji unapozidi. JPEG ya kawaida huikata picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kukishughulikia kila kipande peke yake, ndiyo maana picha iliyobanwa mno huonyesha viraka vya mraba, hasa kando ya herufi na mistari myembamba ya mipaka. Weveleti, mbinu ya kihisabati ambayo JPEG 2000 huitumia, hufuata njia nyingine. Picha hugawanywa katika sehemu nne: moja ni picha ileile ikiwa na nusu ya upana na nusu ya urefu, na tatu zilizobaki hubeba tofauti ndogondogo za mlalo, za wima na za mshazari, kisha ile picha ndogo hugawanywa tena vivyo hivyo, ngazi kwa ngazi, jumla ya migawanyo mitano usipobadilisha mpangilio. Penye karatasi tupu tofauti hizo hukaribia sifuri, kwa hiyo huchukua nafasi kidogo sana. Ukibana kupita kiasi, ramani hulainika kingo bila kuvunjika vipande. Ulainifu huo unavumilika kwenye picha za mandhari, lakini kwenye tarakimu zilizoandikwa kwa mkono nauona kuwa hatari kuliko viraka, kwa sababu viraka humtahadharisha msomaji, ilhali 8 iliyolainika anaweza kuisoma 3 asipate shaka hata kidogo. Kwa hiyo hati zote za maandishi nazibana bila upotevu, na -r naiweka kwa ramani zenye rangi nyingi na maandishi makubwa.

Faida nyingine ni kwamba picha ndogo tayari imo ndani ya kubwa. Amri ya opj_decompress ikipewa -r 3 hutoa nakala yenye thumuni ya upana na thumuni ya urefu, bila kusumbuka kufumbua data ya ngazi za juu. Herufi ileile iliyotaja uwiano wa kubana hapa inataja idadi ya ngazi za kuachwa, uamuzi ambao sijauona maana yake.

Kasi si sifa yake. Inakwenda polepole kuliko JPEG ya kawaida, ingawa -threads ALL_CPUS huipa kompyuta ruhusa ya kutumia nguvu zake zote, na -ImgDir pamoja na -OutFor jp2 hubana folda nzima kwa amri moja. Haipokei faili la JPEG kama chanzo. Huna budi kuanza na TIFF, PNG, BMP au mfano wake. Kubwa zaidi, vivinjari vya Chrome na Firefox havifungui picha za jp2, yaani faili za JPEG 2000, kwa hiyo si muundo wa kuweka kwenye tovuti. Mteja akitaka nakala ya kutazama kwenye simu, natoa PNG ndogo kwa opj_decompress, naigeuza kuwa JPEG kwa programu nyingine, kisha namtumia hiyo.