TAHADHARI: Fundi wa vichwa vya kulungu anayekula vianzio, magharibi mwa Pennsylvania

Ndugu zangu mnaowinda huku Pennsylvania, hasa nyie wa Erie, Pittsburgh na Lancaster ambao kila mwisho wa mwaka simu zenu zinajaa picha za madume mliyoangusha: kabla hujampelekea mtu kichwa cha kulungu akutengenezee cha kutundika ukutani, soma hapa kwanza. Upande wa magharibi wa jimbo kuna fundi anayekula vianzio vya watu, yaani malipo ya mwanzo, bila kumaliza kazi. Jina lake silitaji kwa kuwa madai yangu yameshafika kwa hakimu na sitaki kumpa pa kushikia. Mbinu zake nitazieleza zote, maana wa aina yake wapo zaidi ya mmoja.

Kwanza tutende haki. Kazi hii ni ya polepole kweli kweli. Kichwa cha kulungu chenye shingo na mabega huchukua miezi 8 hadi 12 kwa fundi wa kawaida, na kwa fundi mwenye foleni ndefu miezi 18 si ajabu. Wapo watu wanaoanza kumtukana fundi baada ya miezi minne tu, na hao wanawaonea mafundi wazuri bure. Shida ni kwamba tapeli anaijua kawaida hiyo kuliko sisi, na humo humo ndimo anamojificha. Ukimuuliza baada ya nusu mwaka, bado mapema. Ukimuuliza baada ya miezi kumi, ndiyo kwanza zamu yako inakaribia. Kufikia hapo hela yako imeshanunua matairi ya gari lake.

Kwa hiyo kuhesabu miezi peke yake hakukusaidii. Inabidi ujue kazi inapita wapi, ili ukiuliza uulize swali lenye jibu.

Msimu mkuu wa bunduki hapa hufunguliwa Jumamosi inayofuata Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya mwishoni mwa Novemba. Ndivyo ilivyo tangu 2019, zamani ilikuwa Jumatatu. Miaka ya karibuni wawindaji wa jimbo hili huangusha kulungu zaidi ya 400,000 kwa msimu. Wanaofika kwa mafundi ni wachache kati ya hao, lakini wanafika karibu wote kwa pamoja, ndani ya wiki chache. Fundi anajaza friza, na kuanzia hapo anakimbizana na uozo. Uso usipochunwa mapema, masikio na midomo isipogeuzwa ndani nje na kukwanguliwa nyama yote, ngozi ikikosa chumvi ya kutosha, manyoya yananyofoka yenyewe na hakuna dawa ya kuyarudisha. Chumvi yenyewe ni ile isiyo na madini joto, tena inamwagwa kwa kilo, siyo kwa kunyunyiza.

Ikishakauka, ngozi hupelekwa kiwandani kulainishwa. Hapo ndipo miezi inapopotea. Viwanda hivyo hupokea mizigo kutoka majimbo mengi kwa wakati mmoja, na miezi mitatu hadi sita, mara nyingine zaidi, hupita kabla ngozi haijarudi. Wapo mafundi wanaolainisha wenyewe karakanani. Hao huweza kuwa wepesi zaidi, ingawa si lazima.

Ngozi ikirudi, kilichobaki si kazi ya miezi. Fundi anaagiza kiunzi cha povu kinacholingana na vipimo vya kulungu wako, kuanzia kona ya jicho hadi ncha ya pua, na unene wa shingo nyuma ya masikio. Anazifunga pembe kwa skrubu, anapachika macho ya kioo na kuyazungushia udongo wa kufinyangia, anavisha ngozi, anashona kisogoni. Kichwa kinaachwa kikauke wiki kadhaa, masikio yamebanwa kwa pini na vipande vya kadi yasijikunje, ndipo anapaka rangi kwenye pua na kope. Ukijumlisha saa ambazo mikono yake inakishika hicho kichwa, hazifiki wiki nzima. Ndiyo maana fundi wa kweli ukimuuliza "ngozi yangu iko wapi?" hababaiki: iko kwenye chumvi, iko kiwandani tangu Februari, imerudi inasubiri kiunzi. Ukitaka kuiona, anakuonyesha.

Huyu wetu swali hilo hakuwahi kulijibu hata mara moja.

Alinipokea vizuri mno. Karakana safi, kahawa mezani, ukutani vichwa vinavyokutazama kama vinakufahamu. (Kimoja kati ya hivyo mteja mwingine alikuja kukitambua kuwa ni cha kwake, ambacho alikuwa ameambiwa bado hakijaanzwa.) Bei dola 750, nusu mbele, kwa Zelle (huduma ya kutumiana hela kwa simu kutoka benki hadi benki) au taslimu, kwa sababu "kadi zinanikata makato". Ahadi ni miezi kumi. Risiti ilikuwa kipande cha karatasi chenye jina langu la kwanza, tena limekosewa, bila namba ya kazi, bila jina la kiwanda, bila neno lolote kuhusu ngozi ikiharibika.

Halafu visingizio. Cha kwanza ni kiwanda kimechelewa. Kizuri, kinaaminika, kila fundi hukitumia na mara nyingi ni kweli. Nikaomba jina la kiwanda na karatasi ya kusafirishia mzigo. Akaona nimemkosea adabu. Kisha akafiwa na mama. Mimi ni mtu wa Tanga, ukiniambia umefiwa na mama nanyamaza, natoa pole, biashara tutaongea siku nyingine. Sasa kuna ndugu yetu mmoja Mkongo wa Erie, mwezi ule ule, aliambiwa mama wa fundi huyo huyo yuko hospitali anaendelea vizuri. Tulipokutana na kulinganisha ujumbe wa simu tulicheka, kisha tukaacha kucheka.

Hatua ya tatu ndiyo ya kuiogopa zaidi: "Nitumie nusu iliyobaki, wiki hii nakimaliza." Msitume. Salio hulipwa siku unapokuja kuchukua, kichwa kiko mbele ya macho yako. Fundi anayeomba salio kabla hujakiona hana hela ya kiunzi, au hana kichwa.

Yule ndugu wa Erie yeye alituma. Akapewa kichwa. Dume lake lilikuwa na ncha 9, moja ya kushoto imevunjika. Alichokabidhiwa kina ncha 8, zote safi. Akaambiwa pembe husinyaa zikikauka. Hapa kuna ukweli kidogo uliotumiwa vibaya: pembe husinyaa kweli, kiasi kidogo sana, ndiyo sababu Boone and Crockett, chama kinachotunza rekodi za pembe kubwa, hawapimi rasmi mpaka zikauke siku 60. Lakini ncha nzima haiyeyuki, na iliyovunjika haijiungi.

Ukiniuliza mimi, sidhani alianza akiwa mwizi. Vile vichwa vya ukutani ni kazi ya mtu anayejua. Nadhani alipokea kazi nyingi kuliko uwezo wake, kianzio cha msimu huu kikaenda kulipia ngozi za msimu wa juzi, na tangu hapo hajatoka shimoni. Kila Novemba anaweka bango jipya barabarani la bei ya punguzo, kwa sababu bila vianzio vipya hana cha kuwatuliza wa zamani. Kumwelewa si kumsamehe. Friza lililojaa vichwa vya watu wasiojua viko humo linabaki kuwa friza la wizi.

Unayetaka kupeleka kichwa msimu huu: Pennsylvania inamtaka fundi wa kazi hii awe na kibali cha Game Commission, idara ya wanyamapori ya jimbo. Omba ukione. Akikuambia kiko nyumbani, nawe rudi nyumbani. Kama umewindia ndani ya eneo la udhibiti wa ugonjwa wa CWD, unaoharibu ubongo wa kulungu na kumuua, uliogunduliwa jimboni humu mwaka 2012, kichwa chenye ubongo hakitoki eneo lile isipokuwa kinakwenda kwa fundi aliyeidhinishwa, kwa hiyo orodha ya mafundi walioidhinishwa unayo sababu mbili za kuisoma. Masharti hayo hubadilika, yasome upya kila msimu.

Piga picha za pembe kutoka pande zote, na futi ya kupimia ionekane, kabla hujashuka kwenye gari. Toboa tundu dogo au chora alama kwenye mfupa chini ya pembe, pale patakapofunikwa na ngozi. Fundi mwaminifu hatakasirika. Wengi wao huweka alama zao wenyewe. Kwenye karatasi iandikwe tarehe ya kumaliza, kiwanda gani, na nani analipia ngozi nyingine ya kwako ikinyofoka manyoya. Lipa kwa kadi ya mkopo ikiwezekana, hata akikuongezea makato. Kwa kadi unaweza kulalamika benki, na hapo tarehe ya ahadi iliyoandikwa ndiyo itakayokubeba. Zelle ukishatuma kwa mkono wako, benki itakuambia ulituma mwenyewe.

Ambaye ameshanasa: mwandikie barua ya kudai, itume kwa posta ya kusainiwa, mpe siku ya mwisho. Dai pesa na dai pia pembe na ngozi katika hali yoyote zilivyo. Najua kule nyumbani tumezoea kwamba kichwa cha mnyamapori ni nyara ya serikali mpaka uonyeshe hati. Mjomba alipoona picha yangu jambo la kwanza aliuliza ni kibali. Huku, kulungu uliyemuua kihalali kwa leseni ni mali yako, na fundi anakishika kichwa tu kwa ajili yako. Asipojibu, nenda kwa magisterial district judge, yaani hakimu wa madai madogo, wa eneo lake. Anasikiliza madai ya hadi dola 12,000, wakili si lazima, na kwa madai ya mkataba sheria ya jimbo inakupa miaka 4. Mahakama za hapa hutoa mkalimani bila malipo, kwa hiyo omba wa Kiswahili mapema, wasikupe wa Kifaransa kwa sababu tu umezaliwa Kongo. Peleka pia malalamiko ofisi ya Attorney General (mwanasheria mkuu wa jimbo), kitengo cha ulinzi wa walaji, na Game Commission wenyewe. Polisi huenda wakakuambia ni mgogoro wa madai. Chukua namba ya taarifa yako hata hivyo.

Na tafadhali, msiende nyumbani kwake kikundi cha wanaume usiku. Nimesikia wazo hilo likipita. Yule mtu ana bunduki kama sisi tulivyo nazo, na uwanja ni wake.

Kama umempa kichwa fundi aliyepo kando ya barabara kuu magharibi, karakana ya mabati, bango la punguzo kila Novemba, anayekataa kadi na anayekuomba salio kabla ya kazi, niandikie faraghani. Mpaka sasa tuko watu kadhaa na kila mmoja ana kesi yake, lakini ushahidi wa mmoja unamsaidia mwingine. Nahitaji picha ya pembe ya siku ulipowinda, na ujumbe wake wa simu wenye tarehe. Sauti za WhatsApp msizifute hata kama zimejaa matusi yenu wenyewe.