Adapta ya Mini DisplayPort kwenda HDMI: kifaa kidogo kilichonizungusha Mtwara nzima

Kompyuta mpakato ninayoitumia ni Lenovo ThinkPad T430, toleo la mwaka 2012, niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika na ambayo hadi leo haijanipa sababu ya kuiacha, isipokuwa kwamba kioo chake cha inchi 14 hakitoshi kwa kazi yangu. Kila msimu wa korosho huwa naandaa majedwali ya mizani na malipo ya wakulima wa chama chetu cha msingi, na jedwali lenye safu ishirini na kitu humlazimisha mtu kulivuta kushoto na kulia hadi asahau alikuwa akisoma jina la nani. Ndiyo maana nilipopata monita ya inchi 24 kwa bei nafuu niliibeba bila maswali mengi, nikasahau kuuliza lile moja la maana: ina matundu gani nyuma? Ilikuwa na matundu mawili ya HDMI, yale ya siku hizi yanayopitisha picha na sauti kwa waya mmoja, basi. Mpakato wangu hauna HDMI hata moja, hivyo nilihitaji adapta ya kuviunganisha.

Tabu ya kwanza ilikuwa neno lenyewe. Hapa kwetu ukiingia dukani ukasema unataka adapta, muuzaji atakuletea chaja ya kompyuta, na ukikana atakuletea kile kidude cha kubadilishia pini za plagi ya umeme. Vijana wengi wa maduka ya vifaa vya kompyuta hukiita kifaa ninachokizungumzia konveta, na nawashauri mlitumie jina hilo, ila liambatane na majina ya matundu mawili, la kompyuta na la monita, maana konveta peke yake nayo haimwelekezi mtu popote.

Duka la kwanza, lililo karibu na Soko Kuu, ambalo sitalitaja jina, liliniuzia kwa shilingi 15,000 kifaa chenye mdomo wa HDMI upande mmoja na tundu la VGA, lile la picha la zamani lenye skrubu mbili, upande wa pili. Mpakato wangu una VGA, monita ina HDMI, kwa hiyo mimi na muuzaji tuliridhika, naye akaniongezea waya wa VGA wa kuunganishia. Nilipofika nyumbani kila kitu kiliingia mahali pake bila kulazimishwa, skrubu mbili za VGA zikakaza vizuri, na monita ikaandika kwamba haioni chochote. Nilizima na kuwasha mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kosa halikuwa la kifaa, kwa sababu kifaa kile kilikuwa kizima kabisa. Kosa lilikuwa la mwelekeo. Konveta ya HDMI kwenda VGA hupokea picha kutoka HDMI na kuitoa kwenye VGA, wala haiwezi kufanya kinyume chake, hata kama midomo yake yote inaingia. Imejaa madukani kwa sababu wanunuzi wengi wana kompyuta mpya na projekta za zamani za mashuleni na maofisini, yaani tatizo lao ni kinyume cha langu. Kwenye maandishi ya boksi, jina linalotangulia ndilo la mahali picha inapotoka, na jambo hilo dogo lingeniokolea shilingi 15,000, kwani duka lilikataa kurudisha fedha kwa maelezo kwamba boksi limekwisha kufunguliwa.

Kifaa cha pili kilikuwa VGA kwenda HDMI, kwa shilingi 25,000, na hiki kilifanya kazi. Kina mkia wa USB unaokipa umeme, na waya mwembamba unaochomekwa kwenye tundu la spika, kwa kuwa VGA hubeba picha tu, sauti haimo. Umeme unahitajika kwa sababu ndani yake mna kazi halisi inayofanyika: VGA, iliyoletwa na IBM mwaka 1987, hutuma picha kwa njia ya analogi, ikipandisha na kushusha nguvu ya umeme wa rangi nyekundu, kijani na buluu, kila rangi kwenye pini yake, wakati HDMI huelewa tarakimu tupu. Lazima pawepo na chipu inayopima ile analogi na kuigeuza kuwa tarakimu. Upimaji huo ndio uliokuwa udhaifu wa kifaa changu. Picha ilikuja kwa kipimo kamili cha nukta 1920 kwa 1080, rangi zikakubalika, lakini herufi ndogo zilikuwa na kivuli chepesi upande mmoja, mfano wa karatasi iliyosogea kidogo kwenye mashine ya fotokopi, na tarakimu 3 na 8 zikawa zinafanana. Kwa anayetazama mpira hilo si neno. Kwa anayeandika kilo za korosho za watu wengine, ni balaa. Inawezekana pia kwamba tundu langu la VGA lilichangia, maana ninaishi Shangani, na hewa ya chumvi ya bahari imekwisha kuzila skrubu za vitu vingi ndani ya nyumba hii.

Niliyepaswa kumwona tangu mwanzo ni fundi mmoja wa Mkanaledi, kijana mpole, ambaye kabla hata sijamaliza kueleza aliniambia, "Mama, nipe kwanza mashine yenyewe niione." Aliigeuza ubavu, akanionyesha kando ya tundu la VGA kijitundu ambacho kwa miaka yote nilidhani ni cha aina fulani ya USB. Kilikuwa Mini DisplayPort, yaani umbo dogo la DisplayPort, aina nyingine ya tundu la kutolea picha. Tundu hili lilianzishwa na Apple mwaka 2008, likaenea kwa watengenezaji wengine, na umbo lake ndilo lilelile lililotumiwa na Thunderbolt ya kwanza na ya pili, tundu la kuunganishia vifaa lililokuwa kwenye kompyuta za Mac za Apple. Kwa sababu hiyo wauzaji wetu hukiita kifaa chake "ya Mac", na mwenye ThinkPad, akisikia hivyo, hudhani hakimhusu akakipita. Hakuwa nacho dukani. Alikiagiza Kariakoo, kikapakiwa kwenye basi, na siku ya pili nikakichukua kwake kwa shilingi 20,000, nauli ya mzigo ikiwa ndani ya bei.

Sasa niizungumzie adapta yenyewe. Ni mkia mfupi mweupe, pungufu ya shubiri, mdomo mmoja wa Mini DisplayPort na tundu moja la HDMI, bila chapa yoyote ya kampuni na bila waya wa umeme. Haihitaji programu. Niliichomeka, nikaunganisha waya wa HDMI, nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, nikachagua kupanua, na jedwali langu likatandazwa kwenye monita likiwa limechongeka kila herufi. Kivuli hakipo, sauti nayo hupitia humo humo. Siri yake ni kwamba haigeuzi analogi kuwa tarakimu, kwa kuwa DisplayPort ni ya kidijitali tangu mwanzo, na matundu mengi ya aina hiyo kwenye kompyuta yana uwezo wa kutambua kwamba yamechomekewa adapta ya HDMI, kisha kompyuta yenyewe ikaanza kutuma picha kwa taratibu za HDMI. Adapta kazi yake kubwa ni kurekebisha kiwango cha umeme na kupitisha. Uwezo huo huonyeshwa na alama ya herufi D na P zikiwa na vijumlisha viwili, ingawa si kila mtengenezaji huiweka alama hiyo kwenye mashine yake.

Mipaka yake nayo ni halali kuielewa. Inafuata mwelekeo mmoja tu kama zile nyingine, kutoka kompyuta kwenda monita, hivyo mwenye kompyuta ya HDMI na monita ya DisplayPort asiinunue. Kwa monita ya 1920 kwa 1080 inatosha kabisa. Mwenye monita ya 4K, yenye nukta mara nne ya hizo, asiitegemee hii ya bei rahisi, hasa kwa kompyuta ya umri wa yangu. Na wale wenye mashine kama HP EliteBook 840 G1 wana DisplayPort ile kubwa, si hii ndogo, kwa hiyo mdomo wa adapta yao ni tofauti ingawa kazi ni ileile.

Malalamiko yangu juu yake ni mawili. Mdomo wake hauna kishikizo, na waya wa HDMI niliokuwa nao ni mnene, hivyo ukining'inia unauvuta mkia, picha inazimika kwa sekunde moja na kurudi. Nimeuegemeza waya juu ya kitabu cha risiti na tatizo limetulia. La pili, haina maandishi yoyote mwilini, na ikichanganyika na vingine ndani ya droo utaitambua kwa kukisia.

Kwa kifaa naipa nyota nne kati ya tano. Kwa huduma ya fundi naipa tano, hasa kwa sababu aliijaribu kwenye runinga ya ukutani mwake, mpakato wangu ukiwa mezani, kabla hajapokea fedha, jambo ambalo maduka mawili ya mwanzo hayakulifikiria na mimi sikulidai. Ile ya VGA kwenda HDMI nimempa jirani mwenye mpakato wa zamani kuliko wangu, usio na tundu jingine lolote la picha, naye anatazamia mpira bila kuona kivuli chochote. Ile ya shilingi 15,000 bado ninayo, na mwenye kompyuta ya HDMI na projekta ya VGA aje aichukue kwa 10,000.